Msaada wa Fedha kwa Wanafunzi wa Vyuo, na Jinsi ya Kuupata

Leo nataka kusema nanyi habari ya jambo linalowasumbua wazazi wengi katika mkoa wetu wa Singida, nalo ni hili: mtoto akiisha kufaulu mtihani wake, akaitwa chuoni, fedha za kumsomesha zitatoka wapi? Si swali dogo. Nimelisikia katika stesheni ya Manyoni, nimelisikia mnadani Kiomboi, nimelisikia hata mlangoni pa nyumba yangu usiku.

Siku moja alinijia mzee mmoja wa kijiji kilichomo katika wilaya ya Ikungi. Alikuja kwa baiskeli, akaketi, akanywa maji, kisha akasema, "Mwalimu, binti yangu yuko kidato cha tano, na walimu wake wasema kwamba ana akili. Ng'ombe ninao watatu tu. Je, nikiwauza wote, watatosha kumfikisha chuo kikuu?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, kabla hatujasema habari ya ng'ombe, cheti cha kuzaliwa cha binti kiko wapi?"

Akanitazama kwa mshangao. "Alizaliwa nyumbani," akasema, "mwaka ule tuliovuna uwele mwingi. Cheti cha nini?"

Wasikilizaji wangu, maneno yangu yote ya leo yamo katika jawabu hilo la mzee. Watu wengi hudhani ya kuwa mtoto wa maskini hukwama kwa sababu hapana fedha. Kwa kweli fedha ziko, ingawa hazimtoshi kila mtu. Lakini humfikia yule aliyejiweka tayari mapema, na kumpita yule aliyengoja mpaka siku ya mwisho. Mzee yule alikuwa tayari kuuza mali yake yote, walakini karatasi moja ndogo, ambayo hakuijua, ingaliweza kumfungia binti yake mlango.

Kwanza yafaa tukumbuke tulikotoka. Zamani za utawala wa Waingereza nchi yetu haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kijana aliyetaka elimu ya juu alikwenda Makerere, katika Uganda, mahali palipoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Waliokwenda walikuwa wachache mno, na Serikali iliwalipia. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mmoja wao. Alisoma Makerere tangu mwaka 1943 hata 1945, kisha mwaka 1949 akapata msaada wa masomo, akaenda Edinburgh, katika Uskoti, akarudi mwaka 1952.

Mwaka 1961, mwaka ule ule wa uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Dar es Salaam kwa wanafunzi wa sheria ambao hesabu yao haikufika ishirini. Kwa miaka mingi Serikali ililipa kila kitu: ada, chakula, malazi, hata nauli ya kwenda na kurudi. Lakini wanafunzi walipozidi kuwa wengi na hazina ikapungua, Serikali ilianza katika miaka ya 1990 kuwataka wazazi wachangie gharama. Hapo watoto wa wakulima na wafugaji wakaingia katika shida kubwa. Ndipo Bunge lilipotunga sheria mwaka 2004 ya kuanzisha Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo Bodi ikaanza kazi yake mwaka 2005. Majirani zetu nao wamefanya vivyo hivyo: Kenya wana bodi yao tangu mwaka 1995, Zanzibar wana yao tangu mwaka 2011, na Uganda tangu mwaka 2014.

Sasa na tuzitazame njia zilizo wazi, moja baada ya moja.

Njia ya kwanza ni ile ambayo haihitaji kuombwa. Tangu mwaka 2016 mtoto hulipiwi ada katika shule za Serikali kutoka elimu ya msingi hata kidato cha nne. Na tangu mwaka 2022 ada imeondolewa pia katika kidato cha tano na cha sita. Nasema ada, maana sare, daftari, sabuni, godoro na nauli hubaki juu ya mzazi. Walakini mzigo mkubwa umepungua. Basi mzazi ambaye zamani angaliuza mbuzi kila mwaka kwa ajili ya ada, na aweke akiba sehemu ya thamani ile. Akiba haiozi, nayo itahitajiwa baadaye, kama nitakavyoonyesha.

Njia ya pili ndiyo kubwa, nayo ni mkopo wa Bodi. Katika mwaka wa masomo 2024/2025 Serikali ilitenga zaidi ya shilingi bilioni 700 kwa kazi hii, kwa wanafunzi zaidi ya 200,000. Mkopo huu una mafungu yake. Kuna fungu la chakula na malazi, ambalo tangu mwaka 2022 lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hata 10,000 kwa siku. Kuna fungu la vitabu na viandikwa. Kuna ada ya mafunzo, mahitaji maalum ya kitivo, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Fedha za ada hazipiti mkononi mwa mwanafunzi, bali hupelekwa chuoni. Za chakula humfikia mwenyewe.

Angalieni ukubwa wa jambo hili. Tukihesabu siku 200 za masomo katika mwaka, kwa shilingi 10,000 kila siku, twapata shilingi 2,000,000 za chakula na malazi peke yake. Kwa miaka mitatu ni 6,000,000. Mkulima wa alizeti anajua ni magunia mangapi yangehitajiwa ili kupata fedha hizo, tena katika miaka ambayo mvua yetu ya Singida haina ahadi.

Je, kila aombaye hupewa? La. Bodi hutazama haja ya mwombaji. Yatima, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja, mwenye ulemavu au ambaye mzazi wake ana ulemavu, mtoto wa kaya iliyomo katika mpango wa TASAF, na yule aliyesomeshwa na wafadhili kwa kuwa wazazi hawakuwa na uwezo, hao hutazamwa mbele ya wengine. Lakini Bodi haiwezi kuwaona kwa macho. Huwaona kwa hati. Yatima asiye na cheti cha kifo cha mzazi wake, mbele ya Bodi si yatima. Mlemavu asiye na fomu iliyothibitishwa na mganga wa Serikali, mbele ya Bodi ni mzima. Maneno haya ni makali, lakini ni heri kuyasikia leo kuliko kuyasikia mwezi wa Oktoba, majina yakiisha kutangazwa.

Tena mwombaji awe Mtanzania, awe amepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa, asiwe amezidi umri wa miaka 35, wala asiwe na mshahara au msaada mwingine wa kumlipia masomo yale yale.

Njia ya tatu ni msaada usiorudishwa, nao huitwa Samia Skolashipu. Ulianza mwaka wa masomo 2022/2023, na hutolewa kwa vijana waliofaulu kwa daraja la juu kabisa katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita, wakaingia vyuo vikuu kusoma sayansi, uhandisi, au elimu ya tiba. Huu si mkopo, ni zawadi ya taifa kwa bidii. Ninyi vijana mnaoziogopa hesabu na fizikia, mkizikimbia kwa sababu mwenzenu amewaambia ni ngumu, fahamuni ya kuwa mnaikimbia na fedha.

Njia ya nne ni mpya kidogo. Zamani mikopo ya Bodi iliwaendea hasa waliosoma shahada. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imefunguliwa pia kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, kama afya, ualimu wa sayansi, kilimo na mifugo, nishati, madini, na usafirishaji. Basi kijana wa kidato cha nne anayetaka kuwa tabibu au mtaalamu wa mifugo hana lazima ya kupitia kidato cha tano na sita ili apate kukopeshwa. Mwaka ule ule wa 2023 Serikali ilitangaza pia kufuta ada kwa wanafunzi wa ufundi katika vyuo vitatu: Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na Chuo cha Ufundi Arusha.

Njia ya tano ndiyo ambayo wengi wetu huidharau, nami nitakaa hapo kidogo. Ni njia ya ufundi stadi.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Kituo chake kipo hapa Singida mjini. Humo kijana hujifunza uashi, useremala, umeme wa majumbani, kuchomelea vyuma, ufundi wa magari, ushonaji, na kadhalika. Watu huuliza, "Mkopo wa VETA uko wapi?" Jawabu ni kwamba msaada wa ufundi umewekwa kwa namna nyingine: gharama kubwa imelipwa kabla mwanafunzi hajafika mlangoni. Waajiri hulipa kodi ya kuendeleza ufundi stadi kwa kuhesabu mishahara ya wafanyakazi wao, na sehemu ya kodi ile huendesha vyuo vya ufundi. Kwa sababu hiyo ada katika vituo vya VETA imekuwa ndogo: shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa, na 120,000 kwa anayelala bweni. Kuku wa kienyeji wa Singida, ambao sifa zao zimefika Dar es Salaam, waweza kuilipa ada hiyo bila ng'ombe kuguswa. Yabaki vifaa, sare na nauli, lakini hayo si mlima.

Pamoja na VETA kuna Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya Sweden. Hapa kwetu kuna cha Singida, na kuna cha Msingi, upande wa Mkalama. Vyuo hivi havimtazami sana mtu alifika darasa la ngapi, bali hutazama nia yake. Msichana aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, ambaye labda amekaa nyumbani akidhani mambo yake yamekwisha, aweza kurudia masomo yake humo na kujifunza kazi ya mikono, hata akiwa na mtoto. Tena tangu mwezi wa Novemba mwaka 2021 Serikali ilitangaza kwamba msichana kama huyo aruhusiwe kurudi hata katika shule ya kawaida. Wazazi, msimfungie ndani binti ambaye Serikali imemfungulia mlango.

Na wewe uliyejifunza kazi yako chini ya mwembe, kwa fundi wa mtaani, wala huna cheti, usidhani umeachwa. Kuna utaratibu wa kuurasimisha ujuzi: fundi hupimwa kwa kazi yake, huongezewa mafunzo alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Serikali imekuwa ikitangaza mipango ya namna hii, na ya uanagenzi pia, ambayo gharama zake hulipwa na Serikali. Mtu akitaka habari, na aulize kituo cha VETA au afisa maendeleo ya vijana wa halmashauri yake. Na fundi akiisha kupata cheti, akataka cherehani au mashine ya kuchomelea, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha watu bila riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Aghalabu hutolewa kwa vikundi, basi vijana waliomaliza pamoja na waungane.

Sasa nimekwisha kuzitaja njia. Turudi kwa mzee wetu na karatasi yake, maana kuijua njia si kufika.

Alipokuwa akinywa maji ya pili alinieleza habari ya mwanawe wa kwanza, kaka wa binti. Kijana yule alifaulu kidato cha sita, akapata nafasi ya chuo kikuu, akaomba mkopo. Lakini katika hati za shule aliandikwa kwa jina lake la ubatizo na jina la baba. Katika cheti cha kuzaliwa, kilichotafutwa kwa haraka, aliandikwa kwa jina la kinyumbani na jina la babu. Hati mbili, watu wawili. Alipohangaika kusahihisha, siku za maombi zikapita. Mzee hakuwa na fedha, nafasi ya chuo ikapotea, kijana akaenda kufyatua matofali. "Angeweza kuomba tena mwaka wa pili," nikamwambia mzee. Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, "Hakuna aliyetuambia, Mwalimu."

Neno hilo ndilo lililonifanya nitake kusema nanyi leo. Basi yaandikeni haya, au mwambieni mtoto ayaandike.

Jambo la kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Hutolewa chini ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na kwa watu wa wilayani hupatikana kwa kupitia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Kipateni kabla mtoto hajamaliza darasa la saba, na mhakikishe kwamba majina yaliyomo ni yale yale, kwa herufi zile zile, yatakayoandikwa shuleni. Kama majina yamekwisha kuhitilafiana, msingoje. Nendeni kwa wakili au mahakamani, muulize hati ya kiapo ipasayo, wakati muda ungalipo. Kisha cheti hicho, na cha kifo kama kipo, hupelekwa tena RITA kwa uhakiki kabla ya kuomba mkopo; nako kuhakikiwa huchukua siku.

Jambo la pili ni namba ya mtihani wa kidato cha nne. Kijana atakapoomba chuo na atakapoomba mkopo, na atumie namba ile ile moja. Wako waliorudia mtihani, wakatumia namba moja kuomba chuo na namba nyingine kuomba mkopo. Maombi yao yakashindwa kukutana.

Jambo la tatu ni wakati. Dirisha la maombi aghalabu hufunguliwa katikati ya mwaka, mara baada ya mitihani ya kidato cha sita, na hufungwa siku iliyotangazwa ikifika. Maombi hufanywa kwa mtandao wa intaneti. Ada yake imekuwa shilingi 30,000, nayo hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, si kwa mkono wa mtu. Fomu ikiisha kujazwa huchapishwa, hutiwa sahihi ya mwombaji, ya mdhamini, na ya kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, tena huthibitishwa na wakili au hakimu. Kisha hurudishwa mtandaoni. Mdhamini na awe na kitambulisho chake cha taifa. Katika kijiji kisicho na umeme wala intaneti, safari za namna hii kwenda mjini zaweza kuwa tatu au nne, na kila safari ina nauli yake. Basi hati zote zikusanywe katika bahasha moja tangu kidato cha tano.

Jambo la nne ni kuwajihadhari matapeli. Siku za maombi hutokea watu wenye kalamu mifukoni na maneno matamu, wakisema wana ndugu Dar es Salaam atakayelipitisha jina la mtoto kwa kiasi kadha. Msiwape hata senti moja. Anayestahili hahitaji mtu wa kumpitisha, na asiyestahili ataibiwa bure.

Jambo la tano: aliyekosa asikate tamaa. Majina hutangazwa kwa awamu, na baada ya hayo hufunguliwa dirisha la rufaa, ambapo mwombaji huweza kuongeza hati zilizopungua. Aliyekosa mwaka huu aweza kuomba mwaka ujao akiwa bado amo katika masharti. Kijana wa mzee yule hakushindwa na mtihani. Alishindwa na kutojua.

Sasa kuna neno la mwisho, ambalo watu hulisikia kwa shingo upande. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Mkopo wa Bodi ni deni, si sadaka. Mtu akiisha kumaliza masomo hupewa muda wa miezi 24, kisha humpasa kuanza kulipa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi, na mwajiri ndiye apelekaye fedha hizo. Aliyejiajiri hulipa mwenyewe.

Tufanye hesabu. Tuseme mtu amekopa jumla ya shilingi 12,000,000, na mshahara wake wa msingi ni 800,000. Asilimia 15 ni shilingi 120,000 kwa mwezi. Atalipa kwa miezi 100, yaani miaka minane na miezi minne. Ni muda mrefu, lakini mshahara wenyewe usingalikuwapo bila elimu ile. Tena zamani deni liliongezwa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, nayo iliwaumiza wengi, maana walilipa na deni halikupungua. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa mwaka 2021. Siku hizi mwenye kulipa huliona deni lake likishuka.

Wako wasomi wanaojificha. Hubadili kazi, hujifanya hawakusoma, hungoja watafutwe. Mimi sitawaita wezi, maana wengine kweli hawajapata kazi, na mtu hawezi kukamua ng'ombe asiye na maziwa. Hata hivyo, mwenye nacho asiyelipa na afahamu anamnyima nani. Fedha zinazorudi hukopeshwa tena. Shilingi asiyoirudisha daktari wa Dodoma ndiyo chakula cha binti wa Ikungi. Dawa ya deni ni kulipa.

Nanyi wazazi, msidhani ya kuwa mkopo hufanya kila kitu. Wengi hupewa sehemu tu, wala fedha hazifiki siku ile ile mtoto anapofika chuoni. Majuma ya kwanza ndiyo magumu: nauli, godoro, chumba, bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa muda mrefu imekuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na chakula cha kungojea. Hapo ndipo ile akiba niliyoitaja hutakiwa. Hapo ndipo ukoo nao huonekana. Sisi watu wa Singida twajua kuchangiana katika arusi na katika msiba. Kwa nini tusichangiane siku mtoto anapokwenda chuoni? Shilingi elfu mbili za nyumba hamsini ni laki moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi mzee wangu nilimjibuje? Nilimwambia, "Baba, usiuze ng'ombe wote. Kesho usiende mnadani, nenda kwa Mkuu wa Wilaya." Akaenda. Mambo hayakuwa mepesi: alirudishwa mara moja kutafuta barua ya mtendaji wa kijiji na kadi ya kliniki, akaenda tena. Binti alipomaliza kidato cha sita, bahasha yake ilikuwa imejaa. Aliomba, akapata mkopo wa sehemu kubwa, si yote. Mzee akauza ng'ombe mmoja kwa ajili ya safari na majuma ya kwanza. Wawili walibaki zizini, na maziwa yao yakawa ya wadogo zake.

Na yule kaka wa matofali? Aliposikia habari hizi alikuja mwenyewe, akaniuliza kama naye angaliweza kurudi nyuma. Miaka yake ya kuomba kwa kidato cha sita ilikuwa imepita. Lakini alikuwa na mikono, na alikuwa na akiba kidogo ya matofali yake. Alikwenda chuo cha ufundi, akajifunza kuchomelea vyuma. Juzi nilipita kijijini kwao, nikaona milango ya chuma ya zahanati, nikaambiwa ni kazi yake. Hakuwa alivyotaka kuwa kwanza, hilo hatulifichi. Hata hivyo amesimama kwa miguu yake, naye ndiye amtumiaye dada yake fedha kidogo mkopo unapochelewa.

Wasikilizaji wangu, usiku huu kabla hamjalala, fungueni lile sanduku mnamoweka karatasi za nyumba. Tafuteni cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto. Someni jina lililoandikwa, mlilinganishe na jina la daftari lake la shule. Likiwa ni moja, mshukuruni Mungu. Kama sivyo, au kama cheti hakipo, basi kesho mnayo safari.